Kabla Hujamwendea Mshauri: Waliotutangulia Walifanyaje?



Shukrani zote anazistahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Mwezi uliopita, baada ya darsa la Alkhamisi, alibaki msikitini ndugu mmoja, baba wa watoto wanne. Alijifanya anapanga misahafu kwenye kabati mpaka watu wote wakatoka, kisha akatusogelea. Mke wake anataka waende wote wawili kwa mshauri wa ndoa, mtu wa ofisini asiyewajua. Yeye anaona huko ni kuanika siri za nyumba. Halafu akauliza, "Ustadh, hivi Waislamu wa zamani walikuwa na mambo haya, au ni ya Wazungu tu?"

Tulimjibu kwa ufupi kwa kuwa Isha ilikuwa imekaribia, tukamwahidi kuandika. Swali lake la pili ni la historia na tutalijibu kwa historia. Tunataraji kwamba atakayesoma mpaka mwisho atakuwa amelipata na jibu la lile la kwanza, kwa sababu hao wa zamani hawakuwa wakienda tu kiholela. Walikuwa na mambo wanayoyapanga kabla ya kukaa kitako na mtu wa tatu.

Nyumba ya Aqil

Tuanze na nyumba moja ya Kikureshi. Aqil bin Abi Talib, ndugu yake Ali (Radhiya Allahu anhuma), alimuoa Fatima bint Utba. Huyu si Fatima binti wa Mtume. Ni binti wa Utba bin Rabia, mkubwa wa Makureshi aliyeuawa Badr mwaka wa 2 Hijria (624). Siku ile kabla vita havijapamba moto walitoka watatu kwa watatu: upande mmoja Utba, ndugu yake Shayba na mwanawe Walid; upande wa pili Hamza, Ali na Ubayda bin Harith. Wale watatu wa kwanza wakauawa wote. Kwa hiyo Fatima alipoteza baba, ami na kaka katika asubuhi moja, na mmoja wa waliowaua ni shemeji yake wa baadaye.

Vitabu vya tafsiri vinasimulia kwamba kila Aqil alipoingia ndani, mkewe alimuuliza: wako wapi Utba na Shayba? Aqil alikuwa ananyamaza. Siku moja aliingia amechoka, akaulizwa lile lile, akajibu kwamba utawakuta kushotoni kwako utakapoingia motoni. Bibi yule akakusanya nguo zake akaenda kwa Khalifa Uthman bin Affan (Radhiya Allahu anhu), ambaye alitawala kuanzia mwaka 23 hadi 35 Hijria (644 hadi 656).

Hebu hesabu, ndugu msomaji. Kutoka Badr hadi utawala wa Uthman ni miaka zaidi ya ishirini. Wote wawili walikuwa Waislamu, wote watu wazima wenye heshima zao, na jeraha bado linaingia chumbani kila jioni pamoja na mume. Tunaoishi upande huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Buyenzi na kwa ndugu zetu wa Uvira na Nyamirambo, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tunazijua nyumba ambamo mtu anagombana kwa ajili ya chumvi ya mboga, na ukikaa nao kwa saa moja unagundua kwamba chumvi haimo kabisa. Kilichomo ni mwaka 1972, au 1993, au ng'ambo ya mpaka 1994, na baba ambaye hajulikani alizikwa wapi.

Uthman alicheka, wanasema. Lakini hakulipuuza jambo lile, wala hakumwambia bibi arudi akasubiri. Alituma waamuzi wawili: Abdullah bin Abbas, ambaye ni binamu yake Aqil, na Muawiya, ambaye mama yake Hind ni dada yake huyo Fatima. Yaani mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke, kama inavyoagiza aya ya 35 ya Surat An-Nisaa. Njiani hao waamuzi wenyewe hawakukubaliana. Ibn Abbas aliona watu hawa watenganishwe; Muawiya akasema hawezi kuwatenganisha wazee wawili wa ukoo mmoja. Walipofika wakakuta mlango umefungwa kwa ndani, mume na mke wamekwisha patana.

Kisa hiki huwachekesha sana wanafunzi wetu, na kinastahili. Ila ndani yake mna jambo moja ambalo wengi hulipita. Aya yenyewe inazungumzia kuchelea mfarakano. Kuchelea ni kabla ya jambo halijawa. Sisi walimu wa madrasa huletewa ndoa nyingi, na nyingi huja zimekwisha kufa, mke yuko kwao mwezi wa nne, mume amekwisha posa pengine, na tunaambiwa, "Ustadh, zungumza nao." Uthman aliletewa ugomvi ukiwa bado mbichi, siku ile ile nguo zilipokusanywa. Pengine ndiyo maana mlango ulifungwa kwa ndani.

Nani ana mamlaka gani

Kisa cha pili ni cha Ali (Radhiya Allahu anhu) mwenyewe. Mume na mke walimjia, kila mmoja na kundi la watu nyuma yake. Ali akaamrisha watoe mwamuzi kutoka kila upande, kisha akawageukia wale waamuzi na kuwauliza kama wanaijua kazi yao: wakiona wawaunganishe, wawaunganishe, na wakiona wawatenganishe, wawatenganishe. Mke akasema ameridhia hukumu ya Kitabu cha Allah, iwe kwake au juu yake. Mume akasema hapana, kutengana mimi sikubali. Ali akamkatalia vikali, akamwambia hatoki hapo mpaka akubali kama alivyokubali mwenzake.

Wanachuoni wametofautiana kuhusu kisa hiki. Imam Malik alichukua kwamba waamuzi wana uwezo wa kutenganisha. Abu Hanifa alisema hapana, mpaka mume awakabidhi jambo hilo. Kwa sisi Mashafii, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba wao ni mawakili, kila mmoja wa aliyemtuma, na wakala hafanyi asichopewa. Hapa si mahali pa kulimaliza suala hilo. Angalia tu lini Ali alilizungumza. Alilizungumza kabla ya kikao kuanza. Alitaka kila mtu ajue mapema waamuzi wana mamlaka gani, na kwamba sharti linalomfunga mke linamfunga na mume.

Leo watu wawili wanakwenda kwa mshauri, mmoja amekwenda ili ndoa ipone, mwenzake amekwenda ili apate shahidi wa kwamba kosa si lake. Hawajaambiana. Baada ya vikao vitatu mmoja anatoka amekasirika na kusema mshauri amenunuliwa. Kabla hamjatoka nyumbani kaeni mkekani, kila mmoja amwambie mwenzake anakwenda kutafuta nini, hata kama jibu ni "sijui kama nataka kuendelea." Ni neno zito, ila ni afadhali litoke nyumbani kuliko litoke mbele ya mgeni.

Na mshauri wa ofisini hana mamlaka ya hakimu. Hatoi talaka, hafasikhi ndoa, wala hawezi kumlazimisha mtu. Hapo tunakumbuka habari ya Barira, iliyomo katika Sahih ya Bukhari. Alikuwa mtumwa, akaachwa huru, na kwa kuachwa huru akapata hiari ya kuendelea na mumewe Mughith au kuachana naye. Akachagua kuachana. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina huku akilia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza: hii ni amri? Akajibiwa kwamba ni uombezi tu. Akasema basi hana haja naye. Na jambo likaishia hapo. Hakulaumiwa wala hakusemwa. Ikiwa Mtume mwenyewe aliweka wazi tofauti ya ushauri na amri, basi mshauri anayeamrisha, awe na shahada ya chuo kikuu au awe na kilemba kama sisi, amevuka mpaka.

Swali la siri, ambalo ndugu yetu alilianza nalo, nalo limo humu. Waamuzi wa jamaa ni sunna nzuri na hatuwatupi. Lakini tuseme ukweli: ndugu zetu wengi wametawanyika, mjomba yuko Kigoma, shangazi yuko Oman, na wale waliobaki mtaani mara nyingine ndio wanaoyapeleka maneno mpaka kwenye harusi. Mshauri mwenye taaluma amefungwa na maadili ya kazi yake kutotoa siri. Muulizeni siku ya kwanza siri hiyo ina mipaka gani, kwani ipo: akiona uhai wa mtu uko hatarini, au mtoto anadhuriwa, hatanyamaza. Na muulizeni kama akizungumza na mmoja peke yake atayafikisha kwa mwenzake au la.

Jambo moja hatutalirefusha ingawa ni kubwa. Nyumba ambayo mke anapigwa haianzi kwa kukalishwa pamoja. Atasema nini mbele ya mtu ambaye watarudi naye nyumbani usiku ule ule? Huyo aanze peke yake, na aanzie mahali penye usalama.

Imam aliyefungwa ulimi

Sasa tuje kwa mtu mmoja mmoja. Huwa tunawauliza vijana wa darasa la juu: ni nani katika wanachuoni aliwahi kushindwa hata kuzungumza kwa sababu ya dhiki ya moyo? Wananyamaza. Wanadhani dhiki kama hizo ni za watu wenye imani dhaifu.

Ni Imam Abu Hamid al-Ghazali (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa ikitajwa kila mahali. Mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095) alianza kuvutwa huku na huku moyoni, abaki na cheo chake au akiache. Ameieleza mwenyewe hali hiyo katika kitabu chake al-Munqidh min adh-Dhalal. Ilidumu karibu miezi sita. Ulimi ukafungika hata akakaa kusomesha siku moja, kwa kuwaridhisha wanafunzi, na neno halikutoka. Chakula kikakataa kushuka. Madaktari wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeushukia moyo na kutoka moyoni limeenea mwilini, na dawa haitafaa mpaka ile dhiki iliyojificha ipungue. Mwishowe aliigawa mali yake, akawabakishia wanawe cha kuwatosha, akaondoka Baghdad kuelekea Sham.

Tunataka msomaji awatazame wale madaktari. Hawakumwambia asome zaidi. Alikuwa akisoma kuliko wote. Hawakumwongezea dawa ili tu waonekane wamefanya kitu. Walitambua ugonjwa umetokea wapi, wakasema ukweli kwamba hauko katika mkono wao.

Karibu miaka mia mbili kabla ya hapo, Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mji wa Balkh katika Afghanistan ya leo na kufariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu akakiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili. Ya pili, yenye milango 8, ni ya nafsi: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila moja na mlango wake. Nakala zake zilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 2013 Malik Badri, mwanasaikolojia Mwislamu kutoka Sudan, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya ile sehemu ya nafsi.

Al-Balkhi anasema maradhi ya nafsi humfika mtu mara nyingi kuliko ya mwili, na kwamba mwenye busara huweka akiba ya fikra njema wakati wa uzima, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa. Huzuni aliigawa mara mbili. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ipo isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili na akaitafutia tiba ya mwili. Elimu ya mwili aliyokuwa nayo ni ya zama zake, lakini mgawanyo wenyewe unatufaa hadi leo. Mtu aliyefiwa anahitaji watu. Mtu ambaye hajafiwa, nyumba iko salama, lakini kwa wiki kadhaa haoni ladha ya kitu, halali au analala mno, huyo aanzie hospitali apimwe damu, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huweza kumfanya mtu aonekane ana huzuni. Aliyejifungua karibuni asiambiwe ni mvivu. Na yeyote anayetaja kujiua asisubiri miadi ya wiki ijayo. Apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Kwa nini mtu amhitaji mwingine, ilhali anaweza kujinasihi? Al-Balkhi analijibu hilo pia. Mtu hulipokea neno la mwenzake kuliko lake mwenyewe, na aliyeshikwa na jambo akili yake imeshughulishwa nalo. Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki karibu mwaka 313 Hijria (925), naye katika kitabu chake at-Tibb ar-Ruhani ameweka mlango mzima juu ya namna mtu atakavyozijua aibu zake. Anashauri amtafute mtu mwenye akili anayekaa naye sana, amwombe kwa msisitizo amweleze kasoro zake, na akielezwa asionyeshe kukasirika. Hilo la mwisho ndilo gumu. Tumeona watu wanaobadilisha mshauri kila akiwaambia neno la kweli.

Kosa letu

Tulifika kwenye mlango wa nane wa al-Balkhi, ule wa wasiwasi, tukiwa tumechelewa, na tunaona ni haki tuseme.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 15, hodari wa kuhifadhi. Alianza kurudia udhu. Mara tatu, mara saba, kisha nusu saa kwenye bomba huku wenzake wamepiga foleni. Vidole vikapasuka. Rakaa ya kwanza ikampita kila siku, halafu akaacha kabisa kuja jamaa kwa kuona haya. Alikuwa akitujia kuuliza, "Ustadh, udhu wangu umesihi?" Tukimjibu umesihi. Dakika tano anarudi. Tukamsomea, tukamwambia apuuze, siku nyingine tukamfokea. Miezi minane ilipita hivyo, na sisi tunajiona tunamsaidia. Hatukujua kwamba kila jibu letu lilikuwa kuni kwenye moto ule: maradhi yale hulishwa na kuhakikishiwa.

Wala si kwamba wanachuoni walikuwa hawajaandika. Abu Muhammad al-Juwayni, baba yake Imamul Haramayn, alitunga kitabu juu ya wasiwasi katika karne ya 5 Hijria. Ibn Qudama akaandika kuwalaumu wenye kuufuata. Vitabu vilikuwepo, sisi tulichukua lawama tukaacha tiba.

Mama yake, kwa kushauriwa na jamaa yake muuguzi, alimpeleka kwa mshauri. Wa kwanza hakufaa. Alisikiliza robo saa akasema kijana apumzishwe swala mpaka apone. Mama akamshika mwanawe mkono wakatoka, na baba akasema hayo ndiyo aliyoyaogopa, hawaendi tena popote. Laiti jambo lingeishia hapo, kijana angepotea kwa kosa la mtu mmoja. Wa pili alikuwa mwanamke Mkristo, na swali lake la kwanza kwa mama lilikuwa: dini yenu inasema kuosha mara ngapi? Mama akampigia simu ustadh. Tukaenda sisi wenyewe. Tukamwambia mara tatu ndiyo ukomo wa sunna, na mara moja inatosha. Akasema basi tufanye kazi pamoja: sharia itaweka mpaka, yeye atamfundisha kijana kustahimili ile hofu bila kurudi bombani. Akatuomba jambo moja ambalo lilitutia aibu. Kijana akija kuuliza kama udhu umesihi, msimjibu.

Kwa hiyo dini ya mshauri si swali la mwanzo. Ulizeni amesomea wapi, amewahi kutibu jambo kama lenu, anatumia njia gani, na je, atakubali kwamba kwenu swala na mipaka ya halali na haramu si vitu vya kujadiliwa. Akiwa wa jinsia nyingine, mwombeni mlango uachwe wazi au maharimu akae chumba cha pili. Mwenye adabu ya kazi hatachukia. Asiyefaa aachwe, lakini isiachwe tiba.

Hospitali, na hofu tuliyorithi

Bado kuna watu watakaoogopa, na hofu hiyo nayo ina historia. Haikutoka kwa Waislamu wa kwanza. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alipita Cairo mwaka 1183 akaikuta hospitali ya Salahuddin ikiwa na sehemu ya wanaume, sehemu ya wanawake, na sehemu ya wenye maradhi ya akili yenye madirisha ya chuma, na watu wa kuwakagua kila siku. Mji huo huo Sultan Qalawun alijenga nyingine kubwa zaidi mwaka 683 Hijria (1284), ikaendeshwa kwa wakfu, tajiri na maskini wote wakitibiwa. Kule Edirne, Uturuki, Sultan Bayezid wa Pili alijenga yake mwaka 1488, na wagonjwa wa akili walikuwa wakituzwa kwa sauti ya maji na ala za muziki. Juu ya muziki wanachuoni wana maneno yao, na leo hatuingii humo.

Hofu yetu ni ya karibu zaidi. Wakoloni walipoleta nyumba za wagonjwa wa akili katika nchi zetu walizileta pamoja na polisi. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910. Nchini Uganda wagonjwa wa mwanzo waliwekwa kwenye gereza la Hoima, na Butabika ilikuja baadaye, mwaka 1955. Mtu alikuwa anakamatwa, hapelekwi kwa hiari yake. Ndera ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1968, na Kamenge hapa Bujumbura zilijengwa na mabruda wa Kikatoliki kwa ajili ya huduma, lakini tusi lilikuwa limekwisha tangulia. Kila mji una jina la hospitali ambalo watoto hutukaniana.

Na kuzungumza tu, bila hospitali, kunafaa? Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, jambo hilo lilipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Vijiji 30 vilihusika. Watu wenye huzuni kubwa walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanaume mbali na wanawake mbali, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Waliopata vikao hivyo, wenye maradhi walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6 na nusu. Wasiopata walishuka kutoka asilimia 94 hadi 55 hivi. Hao si Wazungu. Ni wakulima wa kando ya ziwa Viktoria.

Limebaki la pesa. Wakfu wa Qalawun hatunao. Ulizeni bei ya kikao kabla ya kukaa, ulizeni makadirio ya idadi ya vikao, na kama kuna punguzo kwa asiyekuwa nacho. Kikao kimoja hakitoshi, na mume anayelipia kimoja kisha akasema "mbona hatujapona" amepoteza nauli. Tengeni hesabu ya vikao vichache mfululizo, kisha mkae tena mkekani mtazame kama kuna kilichosogea. Pangeni pia nani atabaki na watoto, maana tumeona miadi mingi ikivunjika kwa hilo tu.

Yule ndugu tulimsomea maandishi haya kabla hatujayatoa, naye ameridhia atajwe hivi bila jina. Aliuliza kuhusu Aqil, kama kuna kitabu kinachoeleza walizungumza nini nyuma ya mlango ule. Tukamwambia hatujakiona. Mkewe amekubali wamngoje mshauri ambaye ni mwanamke, na yeye amekubali kulipa vikao vinne. Wataanza Jumanne, in shaa Allah, na watoto watakaa kwetu.

Wallaahu a'lam.